Boti inachoma mafuta yaliyokaangiwa, moshi unawasha macho. Una madhara au la?

nahodha_wa_mkanda (Lamu)

Assalam aleykum jamaa, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya injini na mafuta. Naendesha boti ya abiria na mizigo, Lamu kwenda Mtangawanda na Faza, injini ya ndani, dizeli silinda mbili, ya zamani lakini ngumu. Dizeli ilivyopanda bei mwenye boti akaanza kuchukua mafuta kwa jamaa mmoja wa Malindi anayekusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa kwenye mahoteli, anasema anayapika na dawa yanakuwa biodizeli. Sisi tunachanganya nusu kwa nusu na dizeli ya kawaida. Injini inawaka na inavuta, hapo sina neno.

Tabu ni moshi. Unanuka bhajia lakini unawasha macho na koo linakereketa, na msimu huu wa kusi ndo mbaya zaidi manake tukienda Faza upepo uko nyuma yetu, moshi unasafiri na sisi, alafu tukiingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakiwa machache lazima nipunguze mwendo, basi hapo waliokaa tezi, nyuma ya boti, wote wamejifunika leso usoni. Turubali la nyuma limeshika masizi meusi, ukipitisha kidole yananata. Kuna mama ana mtoto wa pumu aliniomba nimhamishie omo, mbele ya boti, na nikamhamisha, lakini boti ikijaa nitawahamishia wapi watu?

Mwenye boti anasema haya ni mafuta ya kula hayawezi kumdhuru mtu, na kwamba Ulaya wanayatumia kupunguza uchafu wa hewa. Roho yangu haitulii. Nataka kujua kweli, moshi wa biodizeli una sumu kushinda wa dizeli au ni mdogo? Na kwa nini unawasha macho hivi?

fundi_nozeli (Malindi)

Waleykum salam nahodha. Mimi nafungua pampu na nozeli hapa Malindi, hiyo habari ya masizi yanayonata ndo imenishtua. Masizi ya dizeli ya kawaida ni makavu, yanaruka kama vumbi. Yakinata ujue kuna mafuta yanatoka eksosi bila kuungua, na kama yanatoka nje basi na ndani yamo, kwenye nozeli, kwenye ringi za pistoni, kwenye kiti cha valvu.

Kabla hujalaumu mafuta peke yake nieleze moshi ni rangi gani. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, angalia filta ya hewa, angalia kama boti imezidishwa mzigo, angalia nozeli inapuliza au inakojoa. Wa bluu ni oili ya injini inapanda. Mweupe ni mafuta hayakuungua au maji yameingia. Injini iliyochoka inatoa masizi hata ukiitilia dizeli safi namna gani.

nahodha_wa_mkanda

Tukiwa mwendo wa kawaida ni mweusi kiasi. Tukipunguza pale Mkanda unakuwa wa kijivujivu karibu na mweupe, na huo ndo unaowasha macho kabisa.

mwl_kemia_mld (Malindi)

Ndugu nahodha nimefurahi umeuliza, kwa sababu hapa kuna vitu viwili vinachanganywa na watu wanavuta moshi kwa sababu ya kuchanganywa huko. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Mwenye boti yuko sawa kwamba injini ya dizeli inaweza kwenda na mafuta ya mimea. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 kulikuwa na injini ya aina hiyo ikiendeshwa kwa mafuta ya njugu, na Rudolf Diesel mwenyewe aliyeibuni injini hiyo alikuja kulieleza jambo hilo baadaye. Lakini mafuta ya kukaangia ni mazito sana, uzito wake wa kutiririka ni kama mara kumi ya dizeli. Nozeli imetengenezwa kupuliza kitu chepesi kiwe ukungu. Ukiitilia mafuta mazito inatoa matone makubwa, tone kubwa linaungua juu juu tu, la ndani linapikika mpaka linakuwa kaboni. Hayo ndo masizi, na mengine yanabaki kama ukoko kwenye ncha ya nozeli, na ukoko ukikaa pale mpulizo unaharibika zaidi na masizi yanazidi tena.

Biodizeli yenyewe ni kitu kingine. Unachukua mafuta, unatia methanoli na kostiki soda kidogo, unapasha moto kiasi, unakoroga. Molekuli kubwa ya mafuta inavunjika, inatoka gliserini ambayo inazama chini, na juu kunabaki kitu chepesi chenye uzito karibu na wa dizeli. Kwa lita 100 za mafuta unaweka kama lita 20 za methanoli. Kisha lazima uiondoe gliserini yote, uoshe kwa maji kutoa sabuni na methanoli iliyobaki, alafu uyakaushe. Wanaofanya biashara ya haraka wanaruka hapo hapo kwenye kuosha, au wanabania methanoli kwa sababu ndiyo yenye gharama.

Sasa swali lako lenyewe. Masizi yanazaliwa pale mafuta yanapopata joto kali bila hewa ya kutosha. Katikati ya mpulizo hewa haijafika bado na kaboni inashikana yenyewe kwa yenyewe. Biodizeli halisi imebeba oksijeni ndani yake, kama asilimia 10 au 11 ya uzito, kwa hiyo hata katikati ya mpulizo kuna oksijeni, na pia haina zile kemikali za umbo la pete zilizomo kwenye dizeli ambazo ndizo mbegu kubwa ya masizi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikusanya vipimo vya injini nyingi za malori za wakati huo likatoa ripoti 2002: biodizeli tupu inapunguza chembe za moshi kama asilimia 47, kaboni monoksaidi karibu kiasi hicho hicho, na mafuta yasiyoungua kama asilimia 67. Ukichanganya asilimia 20 tu na dizeli, chembe zinapungua kama 10. Kitu kimoja kinapanda, nacho ni oksaidi za naitrojeni, kama asilimia 10 kwa biodizeli tupu na kama 2 kwa mchanganyiko wa asilimia 20. Hizo nazo zinaumiza mapafu, zisidharauliwe. Mafuta yetu ya kupikia mengi ni ya mawese, na haya kwa kawaida hayapandishi hizo oksaidi sana kama ya soya. Yana shida ya kuganda kwenye baridi lakini Lamu na Malindi baridi ya kugandisha tutaitoa wapi.

Kwa hiyo ukitumia biodizeli ya kweli kwenye injini nzima, masizi yanatakiwa YAPUNGUE, na macho yasiwashe kuliko zamani. Kwako yameongezeka. Mimi naamini unachouziwa kimepikwa nusu.

Na kuwasha macho nina wasiwasi na kitu kinaitwa akrolini. Gliserini ikipata joto bila kuungua vizuri inageuka akrolini, ndiyo ile inayokuchoma macho jikoni karai ikipata moto kupita kiasi mafuta yakaanza kutoa moshi. Ni sumu ya macho na koo na hata kidogo sana unaihisi. Mafuta ambayo hayakupikwa yakaiva bado yana gliserini imefungwa ndani ya molekuli, na yasipooshwa yana gliserini huru juu yake. Sasa unapopunguza mwendo Mkanda, silinda inapoa, mafuta hayaungui yote, ndo unaona moshi wa kijivu na watu wanajifunika leso. Kila kitu ulichoeleza kinalingana.

tuktuk_maweni

Hapa Malindi kuna tuktuk za dizeli, mwenzangu aliambiwa achuje tu mafuta ya hoteli kwa kitambaa atie kwenye tangi, hakuna methanoli hakuna nini. Mwanzo ilienda vizuri akawa anatutangazia stejini, baadaye ikaanza kukataa kuwaka asubuhi, nozeli zikatolewa zimejaa ukoko mweusi mgumu. Pesa aliyookoa yote ilienda kwa fundi.

dada_wa_zahanati (Lamu)

Naomba niingilie upande wa afya kwa sababu naona watu wanaongea injini tu. Hilo neno "mafuta ya kula hayadhuru" linanisumbua sana. Kitu unachokula na moshi wa kitu hicho havina uhusiano. Kuni ni mti tu, na moshi wa kuni unaua wanawake na watoto majikoni kila mwaka. Mnakumbuka koroboi? Vipimo vilivyofanywa vilionesha asilimia 7 mpaka 9 ya mafuta ya taa yanayoungua kwenye utambi yanatoka kama kaboni nyeusi, na sisi tulikuwa tunasomea hapo pua karibu na moto.

Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa injini za dizeli mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Chembe za moshi zilizo ndogo kuliko maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hazizuiliwi na pua, zinafika mwisho wa mapafu, na zile ndogo kabisa zinaingia mpaka kwenye damu. WHO 2021 walishusha kiwango cha mwaka cha chembe hizo mpaka maikrogramu 5 kwa mita moja ya hewa kwa pande zote tatu. Nusu ya masizi bado ni masizi, biodizeli hata ikiwa safi mtoto wa pumu hatakiwi akae nyuma ya eksosi.

Na nahodha, mbali na abiria, wewe mwenyewe uko hapo kila siku, wewe na utingo wako mnavuta kuliko wote. Ukipata kikohozi kisichoisha, kifua kubana usiku, njoo hospitali mapema usingoje. Na hilo turubali, likifungwa pande zote moshi ukaingia ndani kuna kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, watu wanaumwa kichwa wanafikiri ni mawimbi. Fungueni nyuma.

Watu wa Lamu tulihangaika miaka na ule mradi wa makaa ya mawe mpaka jopo la rufaa za mazingira likafuta leseni Juni 2019, tulisema hatutaki watoto wetu wavute uchafu. Basi na wa kwenye boti zetu ni uchafu huo huo, tuutazame kwa jicho lile lile.

mkaazi_wa_magarini

Mimi nimesikia mbono, ule wa jatrofa, ndo mzuri kwa biodizeli, kwani hawa watu wa mahoteli wasiachwe na mafuta yao machafu tukapanda mbono? Nauliza tu wataalamu.

mwl_kemia_mld

Wewe ukiwa Magarini ndo unatakiwa ukumbuke msitu wa Dakatcha. Ilikuja kampuni ikataka hekta 50,000 za msitu na mashamba kulima mbono, wenyeji na watu wa mazingira wakasimama kidete na mpango ule haukupita. Kukata msitu kisha uchome mafuta ya mbono useme unaokoa hewa, hesabu hiyo haikubali, kaboni iliyokuwa kwenye miti na udongo inatoka yote mwanzoni. Na mbono kwenye ukame hauzai ile mbegu watu waliyoahidiwa. Mafuta ya hoteli yapo tayari, yasipokusanywa yanamwagwa mitaroni au yanarudi kuuzwa watu wakaangiwe tena viazi, jambo baya zaidi. Mimi naunga mkono kabisa kuyafanya biodizeli. Yapikwe sawasawa tu.

Nahodha, kabla hujagombana na mtu pima mwenyewe. Kwanza chukua chupa mbili ndogo za plastiki, moja dizeli ya petroli stesheni nyingine hayo mafuta KABLA hujachanganya, toboa vifuniko tundu sawa kwa msumari mmoja, zipindue uone ipi inaisha kwanza. Yakichelewa sana kuliko dizeli basi bado ni mafuta ya kukaangia. Pili, chupa yenye kifuniko, nusu mafuta nusu maji safi, tikisa kwa nguvu kisha weka kando nusu saa. Biodizeli safi inajitenga na maji, mstari unaonekana wazi katikati. Yakibaki yameshikana mazito meupe kuna sabuni na mafuta ambayo hayakuvunjika.

Kuna kipimo cha tatu kizuri zaidi, mililita 3 za mafuta ndani ya mililita 27 za methanoli, kinachozama chini ni mafuta ambayo hayakupikika, lakini hicho niachie mimi au maabara. Methanoli ni sumu, inapofua macho na inaua, 2014 makumi ya watu walikufa huko Embu, Kitui na kwingine kwa kunywa pombe iliyotiwa. Inapita hata kwenye ngozi, na ikishika moto mchana huoni moto wake. Huyo jamaa kama anapika nyumbani mwake penye watoto, mwambieni.

nahodha_wa_mkanda

Shukran sana wote, na dada yangu wa zahanati Mungu akulipe. Nimefanya hivyo vipimo viwili. Cha tundu, dizeli ilikwisha mapema na haya yanadondoka bado, si mazito kama mafuta ya dukani lakini si dizeli. Cha maji nimeacha zaidi ya saa, juu kuna mafuta kidogo, chini maji yamechafuka, na katikati kote limekaa zito jeupe kama tui la nazi, halitoki. Nimemuonesha mwenye boti kwa macho yake na ameingiwa na hofu ya injini, hofu ya abiria bado namsemesha.

Nimebaki na mitungi ya mafuta hayo. Nifanyeje nayo? Na nikirudi dizeli tupu moshi utaisha au injini ishaharibika?

fundi_nozeli

Moshi hautaisha wenyewe yakhe, nozeli zina ukoko sasa. Zitoe zisafishwe zipimwe presha, na kama ncha imeliwa badilisha, usipigilie waya kwenye tundu, tundu likipanuka ndo masizi ya milele. Oili ya injini mwaga yote weka mpya hata kama muda wake haujafika, manake mafuta ya mimea yakipenya kwenye ringi yanaingia kwenye oili na oili inakuwa nzito inaganda. Filta ya dizeli pia, na uweke nyingine ya akiba ndani ya boti, kwa sababu biodizeli hata ile nzuri inakwangua uchafu wa zamani kwenye tangi inauleta wote kwenye filta, unaweza kuzimikiwa katikati ya Mkanda na mkondo unakuchukua. Mipira ya mafuta ya zamani iangalie, biodizeli inailainisha mpaka inavuja.

Alafu eksosi. Boti nyingi hapa zinatoa moshi chini nyuma, usawa wa watu waliokaa. Unga bomba liende juu ya turubali, tena juu haswa, funga kitambaa cha kuzuia joto watu wasiungue. Ukipita Mkanda usiache injini ikinguruma chini kwa chini muda mrefu, kama maji hayajatosha bora uchelewe kuondoka uyangoje yajae uende mwendo wa kawaida. Na mzigo, tafadhali, boti iliyozidishwa mzigo inatoa moshi mweusi hata ikiwa mpya.

mwl_kemia_mld

Mitungi usimwage baharini wala kwenye mikoko, najua watu husema mafuta ya mimea yanaoza yenyewe, ni kweli yanaoza haraka kuliko dizeli, lakini yakitanda juu ya maji yanazuia hewa na yanashika mizizi na ndege. Rudisha Malindi. Mafuta yaliyopikwa nusu yanaweza kupikwa tena, anatia methanoli na kostiki iliyobaki kuhitajika, anatenganisha gliserini, anaosha mpaka maji yatoke safi, anakausha. Akikwambia haiwezekani basi hajui kazi yake, usinunue tena. Nitumie ujumbe nikuunganishe niende nimuone, sina nia ya kumharibia biashara, nataka aipike vizuri kwa sababu Malindi mafuta ya hoteli hayana mwisho.

Ukija kununua tena, usiende nusu kwa nusu kwanza. Anza asilimia 20 biodizeli 80 dizeli, na kila mtungi unaoingia ufanyie kipimo cha maji, dakika thelathini tu. Tena jua kwamba lita moja ya biodizeli ina nguvu pungufu kidogo, kama asilimia 8 kwa ile tupu, hivyo kwenye hesabu ya mwenye boti hilo lihesabiwe asije akasema unaiba mafuta. Na dizeli ya kawaida nayo usiione ni adui wa zamani ule ule, tangu 2015 salfa yake ilishushwa mpaka sehemu 50 kwa milioni kutoka 500, kwa hiyo ni bora uchome dizeli hiyo safi kuliko kitu kilichopikwa nusu.

dada_wa_zahanati

Nahodha na yule mama wa mtoto wa pumu, mwambie aje na mtoto tumuangalie na dawa yake ya kuvuta awe nayo mkononi akisafiri, wengi wanaiacha nyumbani. Wenye vifua, wajawazito na wazee wakae omo hata kama bomba limepandishwa.

nahodha_wa_mkanda

Nimeelewa. Nozeli zinatoka Ijumaa boti ikiwa imepwelewa, fundi wa Lamu atazileta kwako Malindi fundi_nozeli uzipime, bomba la eksosi nishaongea na mchomeleaji. Mitungi inarudi na gari la Jumamosi. Mwalimu nakutumia namba sasa hivi.